Uso umebonyea na kilo ni zilezile: ni uzee au ugonjwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 52, nauza supu na chapati karibu na kituo cha daladala Tandika. Juzi nimepiga picha za paspoti saizi, nikaziweka pembeni ya kitambulisho changu cha NIDA nilichopigwa nikiwa na miaka 41. Daktari, nilishtuka. Mashavu yamebonyea, macho yameingia ndani, chini ya taya kunaning'inia. Tumbo limetoka, makalio yamekwisha, mikono imekuwa myembamba. Mtaani wanasema nina ngoma. Nimepima mara mbili, sina. Sukari nimepima, sina. Kilo ni 68 zilezile. Hedhi ilikata nikiwa na 49. Dada wa saluni akaniuzia krimu ya kukaza ngozi kwa shilingi 85,000, nimepaka miezi mitatu, uso unawaka tu. Kinachoniuma zaidi, dada yangu wa tumbo moja ana miaka 58, ni fundi cherehani, tukikaa pamoja watu wananipa mimi shikamoo, yeye wanamwambia mambo. Huu ni uzee au kuna ugonjwa haujaonekana? Na picha nirudie? – Mama Nasra, Tandika

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mimi mwenyewe nina miaka 63, hivyo mengi nitakayokueleza nayaona kila asubuhi kwenye kioo cha bafuni kabla sijayaona kliniki. Picha zako zote mbili nimezikuza kwenye kompyuta, nikaziweka bega kwa bega, nikazitazama kwa muda mrefu.

Tuanze na taa, maana imekuonea. Studio uliyoenda wana taa moja tu, tena iko darini juu ya kichwa chako. Nimeijua kwa sababu kivuli cha pua kimeangukia mdomo wa juu, na kila penye kishimo pamejaa giza. Picha ya kitambulisho ilipigwa taa ikiwa mbele yako. Mwanga wa mbele unafukia mashimo, mwanga wa juu unayachimba. Hata Nasra ukimkalisha kwenye kiti kile atatoka na macho ya mtu ambaye hajalala siku mbili. Kwa hiyo punguza hofu kidogo. Nimesema punguza tu, kwa sababu hata nikiiweka taa kando uso wa picha ya pili umebadilika kweli, na mabadiliko yenyewe yanasomeka.

Watu wakizungumzia kuzeeka kwa uso, wanazungumzia ngozi. Huyo dada wa saluni naye ndivyo alivyokuambia: ngozi imelegea, ikazwe. Ngozi yako nimeiangalia. Paji halina mikunjo ya kudumu, pembe za macho zina mistari miwili mitatu. Kwa mwanamke wa miaka 52 anayeshinda kando ya barabara, hiyo ni ngozi imara. Kilichopungua kiko chini yake. Umewahi kulalia mto wa sufi? Ukiwa mpya umejaa, foronya imekaza. Miaka ikipita sufi inashikana, inaporomokea upande mmoja, na foronya ileile inaanza kukunjamana. Hakuna anayeipaka foronya mafuta. Mtu anafungua mto aone sufi imekwenda wapi.

Basi tuufungue mto wako. Kwanza kabisa kuna mfupa. Tumezoea kudhani fuvu likishakomaa limekomaa, kumbe nalo linabadilika hadi mwisho. Picha za CT (eksirei za kompyuta) za watu wa rika mbalimbali zinaonyesha kwamba matundu ya macho hupanuka na umri, hasa pembe ya juu iliyo upande wa pua na pembe ya chini iliyo upande wa sikio. Mfupa wa taya la juu hurudi nyuma, na taya la chini hupungua kimo. Jicho lako ni lilelile, nyumba yake ndiyo imekuwa kubwa. Pua nayo imekosa kizingiti cha kuegemea, ncha yake imeshuka kidogo. Linganisha picha utaona. Kwa wanawake mengi ya haya huanza mapema kuliko kwa wanaume. (Baba Nasra akikucheka, mwambie apime masikio yake. Mwaka 1995 daktari mmoja wa Uingereza, James Heathcote, alichapisha vipimo vya masikio ya wagonjwa 206 na kukuta yanarefuka kwa wastani wa milimita 0.22 kila mwaka. Miaka 50, sentimita nzima.)

Sasa hapa kwenye mfupa kuna jambo ambalo hukuliandika, ila picha imelisema. Shavu lako la kushoto limebonyea kuliko la kulia, na pembe ya mdomo upande huo imeshuka. Uzee peke yake huwa hauna upendeleo wa namna hiyo. Ndiyo maana nikakutumia ujumbe kuuliza habari za meno, ukanijibu: magego manne yameng'olewa, yote kushoto, kati ya miaka 43 na 48, kwa sababu kung'oa kulikuwa rahisi kuliko kuziba. Mama Nasra, hapo ndipo sehemu kubwa ya shavu lako ilipokwenda. Mfupa wa taya unaobeba meno upo kwa ajili ya meno. Kila unapotafuna, jino linausukuma, na huo msukumo ndio unaouambia mwili kwamba mfupa huu bado una kazi. Jino likitoka, mwili unaanza kuuyeyusha, kwa kasi zaidi mwaka wa kwanza, kisha pole pole miaka yote. Mtazame kibogoyo yeyote wa mtaani kwenu: kidevu kimepanda kuelekea pua, midomo imezama ndani, mashavu yamefuata. Watu husema amezeeka sana, na huenda ana miaka 60 tu ila hana meno. Wewe una nusu ya hali hiyo, upande mmoja.

Na ukiwa huna magego kushoto unatafunia kulia. Msuli wa kutafuna wa kulia unabaki mnene, wa kushoto unasinyaa. Weka vidole viwili kwenye pembe ya taya, mbele kidogo ya chini ya sikio, uma meno kwa nguvu. Utahisi kulia panavimba kama jiwe, kushoto panasogea kidogo tu.

Baada ya mfupa kuna mafuta. Zamani hata sisi madaktari tulidhani mafuta ya uso ni tandiko moja linaloteremka pamoja. Mwaka 2007 wapasuaji wawili wa Texas, Rohrich na Pessa, walichapisha kazi waliyoifanya kwa kudunga rangi kwenye nyuso za maiti, wakakuta rangi haisambai. Inaishia kwenye mipaka. Mafuta ya uso yako kwenye vifuko, kila kimoja na ukuta wake, na kila kimoja kinazeeka kivyake. Vile vya ndani kabisa, vilivyokaa juu ya mfupa wa shavu, ndivyo vinavyosinyaa. Vya juu vinakosa cha kukalia na kuteleza. Kati yao kuna kamba ngumu zinazofunga ngozi kwenye mfupa, na hizo haziteremki. Kwa hiyo shavu linashuka mpaka linapokutana na kamba, linakunjika hapo. Mstari wako kutoka puani hadi pembe ya mdomo, na kile kinachoning'inia kwenye taya, ni mafuta yaliyofika kwenye kizuizi. Mafuta ya chini ya macho nayo husukumwa mbele, ukapata vifuko ambavyo watu wanasema ni vya usingizi. Usingizi hauna kosa kubwa hapo.

Ngozi siisahau, maana nayo kuna wakati inapokea pigo, na wewe uko katikati ya wakati huo. Kinachoipa ngozi uimara ni kolajeni. Tangu ujanani inapungua kama asilimia 1 kwa mwaka, polepole kiasi kwamba huoni. Hedhi inapokoma, homoni ya kike iitwayo estrojeni inashuka, na katika miaka 5 ya kwanza mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi yake. Baadaye kasi inarudi chini, kama asilimia 2 kwa mwaka. Wewe uko mwaka wa tatu. Wanawake wengi hunijia wakiwa na umri huohuo na sentensi ileile: "Daktari, nimezeeka ghafla." Huwa hawajakosea. Bana ngozi ya mgongo wa kiganja chako kwa vidole viwili, hesabu moja, uiachie. Ya Nasra inarudi kabla hujaiona. Yangu inasimama kidogo kama hema, inafikiria, halafu inalala.

Sasa hilo la majirani. Nimefanya kazi Dar es Salaam muda wa kutosha kujua shavu lililobonyea linasomwaje hapa, na ninajua linakotoka. Miaka ya tisini tuliona watu wakikonda hadi mifupa. Dawa za bure za virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa Tanzania mwaka 2004, mojawapo iliyotumika sana ilikuwa stavudini. Iliokoa maisha, lakini kwa baadhi ya watumiaji ilikula mafuta ya mashavu, ya mikono na ya makalio, huku tumbo likikua. Mtu alikuwa mzima, anafanya kazi, na uso wake unamtangaza. Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziiache mwaka 2009, na dawa za leo hazifanyi hivyo. Mtaa haukupewa taarifa. Bado unasoma nyuso kwa kamusi ya miaka 20 iliyopita, na kwa bahati mbaya umri nao unachukua mafuta sehemu zilezile. Umepima mara mbili. Sina la kuongeza kwa majirani zako. Ila nikuambie hivi: leo anayetumia dawa vizuri huwezi kumtambua kwa kumtazama shavu, na asiyepima anaweza kuwa na mashavu ya kujaa kiganja.

Kuhusu dada yako, ulinijibu kwamba yeye ni "mnene wa wastani", kilo 80 na kitu, meno yote anayo, na cherehani yake iko ndani. Hapo pana majibu matatu, na la meno tumeshalimaliza. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha ulinganisho wa jozi 186 za mapacha wanaofanana, yaani watu wenye urithi uleule, wakakuta kwamba chini ya miaka 40 pacha mnene ndiye anayeonekana mkubwa, lakini baada ya 40 mambo yanageuka: mwembamba ndiye anayeonekana mzee. Mafuta ya uso yanaficha miaka. (Waliotalikiwa pia walionekana wakubwa kwa karibu miaka 2 kuliko pacha wao. Nalitaja tu.) Hiyo haina maana unenepe ili ufanane naye, kwa sababu magoti na presha havijali uso. Ina maana kwamba dada yako na wewe mnaweza kuwa na umri uleule wa mwili, ila mto wake bado umejaa.

Tofauti ya pili baina yenu ni jua. Tunapenda kusema ngozi nyeusi haizeeki, na kuna ukweli. Melanini, yaani rangi ya asili, ya ngozi nyeusi sana inapunguza miale kiasi cha krimu ya kinga ya jua namba 13 hivi. Ya Mzungu haifiki namba 4. Mikunjo yetu huchelewa karibu miaka 10 nyuma ya yao. Lakini Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa Ikweta, jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mnamo Oktoba, na hata hiyo melanini ina kikomo. Ukitaka kuona jua hufanya nini likiachiwa, watazame ndugu zetu wenye ualbino waliokua bila kofia wala krimu: kijana wa miaka 25 mwenye shingo ya babu. Jarida moja kubwa la tiba la Marekani lilitoa mwaka 2012 picha ya dereva wa lori la kusambaza mizigo, miaka 69, aliyeendesha miaka 28. Nusu ya uso wake upande wa dirisha imejaa makunyanzi mazito, nusu nyingine ni ya mtu wa kawaida. Kioo kilizuia miale inayounguza, kikapitisha ile inayoingia ndani na kukata kolajeni. Kwao dereva anakaa kushoto. Kwetu watazame madereva wa daladala wakongwe, mkono wa kulia.

Kwa ngozi ya rangi yetu, jua halianzi na mikunjo. Linaanza na rangi kutolingana: madoa mapana mashavuni na juu ya midomo, paji jeusi kuliko kidevu. Wewe unayo, na moto wa jiko la supu unayazidisha. Vile vidoti vidogo vyeusi kama punje za ulezi, vilivyotawanyika chini ya macho yako, siyo jua wala uchafu. Ni vinyama visivyo na madhara, hurithiwa, na nina hakika dada yako anavyo pia. Usivikate kwa wembe wala kuvifunga uzi.

Tuje kwenye krimu ya 85,000. Nilikuomba picha ya boksi. Halina jina la kiwanda, halina orodha ya viambato, lina picha ya Mzungu anayecheka. Siwezi kukuambia kilichomo na hakuna atakayeweza bila maabara, lakini ninachokijua kuhusu bidhaa za namna hiyo kinanitosha kukuambia uache leo. Mara nyingi mkorogo huwa na vitu vitatu, peke yake au vimechanganywa: steroidi kali, haidrokwinoni ya kuchubua rangi, na zebaki. Steroidi ndiyo inayomdanganya mtu, kwa sababu wiki za kwanza uso unang'aa na kulainika. Kisha ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, mishipa inaonekana, chunusi zinazuka, na ukiacha unawaka. Haidrokwinoni ya muda mrefu huishia kwenye weusi wa kibuluu mashavuni ambao hata sisi tunashindwa kuutoa. Yaani unanunua uzee wa rejareja. Vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku nchini, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko TBS (Shirika la Viwango), siyo tena iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa). Ukiona kwenye lebo yoyote neno Clobetasol au Betamethasone, hiyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari, siyo ya saluni.

Ukiacha, uso unaweza kuvimba au kuwaka zaidi kwa wiki kadhaa. Usiirudie ili kutuliza. Huo ndio mtego wenyewe. Nawia maji ya kawaida, paka mafuta mazito yasiyo na manukato, na ukiona malengelenge au macho yanavimba nenda kliniki ya ngozi. Uso ukishatulia, ndipo tuzungumze kuhusu tretinoini, dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A kwa ngozi iliyozeeka. Ni ya kuandikiwa, inapakwa usiku, ina miaka mingi ya ushahidi, na kwa ngozi yetu inahitaji mkono mwepesi maana ikichubua inaacha madoa. Kinga ya jua ina ushahidi mzuri pia: huko Australia, watu 903 wa chini ya miaka 55 walifuatiliwa miaka 4 na nusu, na waliotakiwa kupaka kila siku ngozi zao zilizeeka kwa asilimia 24 pungufu kuliko wa kundi lililopaka kwa hiari. Wengi walikuwa Wazungu, na siwezi kukuahidi asilimia zao. Kwako wewe kinga ya kwanza ni mwavuli. Nimeona kwenye picha ya genge kwamba mwavuli mkubwa unao, umewafunika wateja na sufuria. Usogeze mita moja.

Mwili sasa. Kilo 68 za leo si kilo 68 za miaka 41, na mizani haijui tofauti. Kuanzia miaka ya thelathini mtu hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake kila miaka 10, na kasi huongezeka baada ya 60. Pengo hilo hujazwa na mafuta, mzani ukabaki palepale. Hedhi inapokoma, mafuta yaliyokuwa yakikaa nyonga na makalio yanahamia tumboni. Kwa hiyo makalio yamekosa pande zote mbili, msuli na mafuta, na tumbo limepokea. Utasikia watu wakisema mwili hauchomi tena chakula kama zamani. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29: ukizingatia ukubwa wa mwili na misuli, uchomaji hautikisiki tangu miaka 20 hadi 60. Kinachopungua ni misuli na mwendo.

Mwombe dada yako futikamba. Zungusha kiunoni usawa wa kitovu, pumua nje, soma. Ukizidi sentimita 88, tumbo hilo tulichukulie kama suala la moyo na sukari hata kama kipimo cha sukari leo ni safi. Akiwa na futikamba mkononi muulize pia kuhusu pindo. Mafundi cherehani wanajua uti wa mgongo kuliko wanavyojua kuwa wanajua: gauni la mama wa makamo likianza kupanda nyuma na kuburuza mbele, mgongo umeanza kupinda. Baada ya 40 tunapungua kimo karibu sentimita 1 kila miaka 10, kwa sababu vile vifuko vya maji kati ya pingili vinakauka. Ukipungua sentimita 4 au zaidi, huenda pingili yenyewe imebonyea na hapo unahitaji kipimo cha mifupa.

Misuli ina habari njema kuliko kitu kingine chochote nilichokwisha kukuandikia. Mwaka 1990 watafiti wa Boston waliwachukua wazee 10 dhaifu, wote wakiwa karibu miaka 90 au zaidi yake, wanaoishi kwenye nyumba ya wazee, wakawanyanyulisha uzito kwa miguu wiki 8. Tisa walimaliza, na nguvu za mapaja yao zilipanda kwa wastani wa asilimia 174. Wengine walikuwa wanatembelea mkongojo. Wewe una 52. Kusimama gengeni siku nzima kunachosha miguu lakini hakujengi makalio. Chukua kile kiti cha plastiki, kaa na uinuke bila kushika kitu, mara 10, pumzika, rudia hadi mizunguko mitatu, siku moja ndiyo siku moja hapana. Ikiwa rahisi, beba dumu la maji la lita 5 kifuani. Dumu hilohilo linyanyue kwa mikono.

Na kula. Uliniambia asubuhi ni chai na chapati, mchana ni chapati iliyobaki. Unawauzia wateja nyama, wewe unabaki na ngano. Kwa kilo zako unahitaji protini kama gramu 70 kwa siku, na yai moja lina 6. Kikombe cha maharage, vipande vya nyama kwenye supu yako mwenyewe, dagaa wakavu ambao gramu 100 zake zina zaidi ya gramu 50 za protini: chagua, changanya, lakini visiwe vya siku ya wageni tu.

Pesa utakayoiweka kwa ajili ya uso, iweke kwanza kwenye meno. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua hayatazuia mfupa kuyeyuka, ila yatalijaza shavu kutoka ndani, yatainua pembe ya mdomo na utatafuna pande zote. Na jino jingine likiuma, lizibwe. Kuna sindano za kujaza mashavu, utaambiwa tu. Zinafanya kazi kwa muda, zikiwa mikononi mwa daktari aliyejifunza. Zikichomwa na asiyejua, dawa ikaingia kwenye mshipa, mtu amewahi kupoteza jicho. Saluni hapana.

Uliuliza kuhusu ugonjwa. Kilichonituliza kwenye barua yako ni zile kilo 68. Zingekuwa 64 bila wewe kutaka, ndani ya miezi 6 hadi 12, ningeacha habari ya sufi na kukuita kliniki. Ningekuita pia kama moyo ungekuwa unaenda mbio, jasho na mikono kutetemeka, macho yanatoka nje badala ya kuingia ndani, maana hiyo ni tezi ya shingo. Uso unaoamka umevimba na kushuka mchana unaelekeza kwenye figo. Shingo inayokuwa nyeusi na nene kama velveti ni sukari inayobisha hodi. Upande mmoja wa uso ukianguka ghafla, kwa dakika, hiyo si meno wala umri. Ni kwenda hospitali saa hiyohiyo. Na ukiona doa jeusi jipya chini ya unyayo au chini ya ukucha, usilichukulie ni uzee wa ngozi: saratani iliyomuua Bob Marley mwaka 1981 ilianzia chini ya ukucha wa dole gumba la mguu. Kwa kuwa hukutaja kipimo cha tezi wala cha wingi wa damu, vifanye mara moja, kwa utulivu, ili tuvifunge.

Picha usirudie kwa sababu ya mashavu. Irudie kama ofisi unakoipeleka watakataa kivuli, na huenda wakakataa, maana wanataka uso ulioangazwa sawasawa. Ukirudi, nenda asubuhi, mwambie kijana wa studio asogeze kiti mbele ya mlango ulio wazi, wewe uutazame mlango, na kamera isimame mbali kidogo, kama hatua mbili. Kitambaa cheupe akishike mtu chini ya kidevu chako, nje ya picha. Uji wa asubuhi unywe kabla, usiende na njaa.